Kabla hujahesabu ng'ombe hesabu kwanza nyasi: kwa afisa mifugo anayetaka kufundisha maafisa ugani na watu wa mikopo

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa mifugo wa kata huku Kiteto. Nimepewa kazi ya kuandaa mafunzo ya siku tatu kuhusu malisho ya mzunguko, yaani kuhamisha mifugo kipande kwa kipande ili nyasi ipumzike, washiriki ni maafisa ugani wenzangu pamoja na maafisa mikopo wa benki na saccos. Wenzangu wanasema hayo ni mambo ya wenye ranchi na fensi, na hawa wa mikopo wao wanauliza tu dhamana iko wapi. Naanzia wapi, na niwafundishe nini mpaka waelewane?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kupewa hiyo kazi. Watu wengi wananiuliza wapande mbegu gani ya majani au wanunue ng'ombe gani wa maziwa, ila mtu wa kuuliza namna ya kumfundisha yule anayefundisha na yule anayekopesha ni nadra kumpata, na mimi naamini hapo ndo penye ufunguo wenyewe, kwa hiyo nitajibu kirefu kidogo.

Kwanza kabisa usiwatenganishe. Najua kishawishi kipo, uwaweke wa ugani chumba hiki uwape mambo ya nyasi na wa benki chumba kile uwape mambo ya mzunguko wa fedha, alafu jioni wote mkutane kwenye soda. Usifanye hivyo. Shida yote iko kwamba hawa watu wanamfikia mfugaji yule yule kwa nyakati tofauti na kila mmoja anamwambia lake, afisa ugani anamwambia punguza mifugo, mwezi unaofuata afisa mikopo anampa hela ya kununua mitamba kumi kwa sababu kwenye fomu yake ng'ombe wengi maana yake ni uwezo mkubwa wa kulipa. Mfugaji atamsikiliza nani? Atamsikiliza mwenye hela, mimi na wewe pia tungefanya hivyo hivyo. Alafu inafika mwezi wa tisa au wa kumi, nyasi zimekwisha, ng'ombe wamekonda, rejesho linadaiwa, anapeleka mnadani ng'ombe mbavu zinahesabika na kila jirani yake kapeleka wa kwake siku hiyo hiyo, bei imelala. Afisa ugani anasema si nilimwambia, afisa mikopo anaandika mkopo chechefu na kuwaambia wakubwa wake kwamba wafugaji hawakopesheki. Mimi nasema mkopo ule ulishaharibika siku uliposainiwa kwa sababu hakuna aliyeuliza nyasi ziko ngapi.

Kwa hiyo kitu kimoja ambacho nataka kila mshiriki aondoke nacho, wa ugani na wa benki, ni kwamba unapokopesha mfugaji wa malisho ya asili unakopesha nyasi, ng'ombe ni njia tu ya kuzigeuza kuwa hela. Ukilishika hilo mengine yote yanajipanga.

Siku ya kwanza asubuhi wapeleke porini. Pawapointi iache ofisini. Tafuta mahali palipo na mpaka, upande mmoja panalishwa kila siku na upande mwingine pamepumzishwa, hata kama ni uzio wa shule au wa kanisa, wasimame hapo katikati waangalie wenyewe. Ng'oa shina moja la nyasi kila upande na mizizi yake, lioshe, liweke juu ya karatasi nyeupe. Mara nyingi kwenye upande uliochungwa mfululizo utakuta mizizi mifupi na michache, na hapo ndo unaeleza: jani ndo jiko la mmea, ng'ombe akilikata mmea unaota tena kwa kutumia majani yaliyobaki na akiba iliyoko kwenye shina na mizizi, akirudi kulikata tena kabla halijajijenga mmea unazidi kula akiba yake, mizizi inapungua, mwisho wa siku nyasi nzuri inakufa na nafasi yake inachukuliwa na udongo mtupu au gugu ambalo ng'ombe hali. Afisa mikopo ambaye hajawahi kusoma botania atalielewa hilo kwa dakika kumi, na hatolisahau.

Hapo ndo unaweza kumtaja Mfaransa André Voisin, mkulima na mwanabiokemia aliyekaa na ng'ombe wake malishoni miaka ya 1950 akiangalia wanavyokula, ambaye aliweka wazi kwamba cha kuangalia si idadi ya ng'ombe peke yake, ni muda pia, yaani nyasi imekaa na ng'ombe siku ngapi na imepata siku ngapi za kupumzika. Siku za kukaa na siku za kupumzika. Ukitaka kuwafundisha kitu kimoja cha kukariri basi ni hizo namba mbili. Msimu wa mvua nyasi inachipua ndani ya siku chache tu, kwa hiyo ng'ombe akikaa pale pale wiki mbili anakuwa anakula machipukizi ya juzi, ndo maana kwenye masika tunasema siku tatu nne wahame, na wasirudi mpaka siku 25 au 30 zipite, au zaidi kama mvua inasuasua.

Wenzako wanaosema haya ni mambo ya wenye ranchi, wajibu kwa upole maana wao wenyewe wamezaliwa ndani yake. Wamasai wa huko kwenu wana alalili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili ndama, wagonjwa na wanyama wanaonyonyesha wapate chakula kiangazi, na wana utaratibu mzima wa kupeleka mifugo mbali ronjo, yaani kambi za muda, wakati maji yapo ili majani ya karibu na boma yabaki. Wasukuma wana ngitili, nayo ni eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zake ziliwe kiangazi. Na hadithi ya ngitili naomba uisimulie yote, usiipite haraka, kwa sababu ina ushahidi ambao mtu wa benki anauheshimu. Shinyanga ilifyekwa misitu miaka ya ukoloni kwa ajili ya kuua mbung'o na kufungua mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, vijiji vikahamishwa na watu wakaziacha ngitili zao, mpaka mkoa ukafika mahali pa kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walihangaika na vitalu vya miche kama miradi mingine, kilichokuja kufanya kazi ni kuwarudishia watu utaratibu wao wa ngitili, familia ikafunga yake, kijiji kikafunga ya kijiji, dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikatunza sheria. Mpaka kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili, bila fensi ya waya. Na watu hawakupata nyasi tu, walipata kuni, asali, miti ya kujengea, na wengine walikodisha malisho kiangazi wakasomeshea watoto. Muulize afisa mikopo hapo: hiyo si mali?

Kenya nako hivyo hivyo, Waborana wa Isiolo wana baraza la wazee wanaoliita dedha linaloamua eneo gani linafunguliwa lini na nani anaruhusiwa kisima kipi, na mara nyingi pale ambapo baraza la namna hiyo limedharauliwa malisho yameharibika. Ndo maana kwenye mafunzo yako lazima wawepo wazee wawili watatu wa malisho, wakae kama walimu, wapewe posho ya mwalimu. Na wawepo vijana wanaochunga wenyewe. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mipango mizuri kabisa ya malisho imeandikwa na wataalamu ikasainiwa na wenye ng'ombe, na yule kijana wa miaka 17 ambaye ndiye anayeamua kila asubuhi ng'ombe waelekee wapi hakuambiwa chochote. Na wanawake wawepo, maziwa ni ya kwao, wao ndo wa kwanza kujua nyasi imeisha kwa sababu kibuyu kinapungua kabla mwanaume hajaona mbavu.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa nakuomba utumie siku ya pili karibu yote, kwa sababu hii ndo lugha ambayo watu wa mikopo wanaijua na watu wa ugani wengi tunaikwepa. Tengeneza fremu ya nondo au ya mbao, mita moja kwa mita moja. Mnaingia malishoni mwisho wa mvua, mnairusha bila kuchagua mahali, kila inapoangukia mnakata nyasi zote zinazoliwa zilizomo ndani, mnaweka kwenye mfuko. Fanyeni mahali kama 20, msichague panapopendeza. Mnazianika mpaka uzito uache kupungua, mnapima kwa mzani wa jikoni. Wastani wa gramu kwa mita moja ya mraba ukizidisha kwa 10 unapata kilo za nyasi kavu kwa hekta. Tuseme mmepata gramu 150, hiyo ni kilo 1,500 kwa hekta. Zote si za ng'ombe. Kwenye nyanda kavu kama za kwenu mimi sitaki kuona zaidi ya asilimia 40 zikiliwa, zingine ni za kufunika udongo, za mchwa, za kukanyagwa, na za kuufanya mmea uamke mvua ikirudi. Kwa hiyo zinabaki kilo 600 kwa hekta za kula. Kama mfugaji ana hekta 50 ana kilo 30,000.

Ng'ombe mmoja wa kienyeji wa kilo 250 anakula kwa siku karibu asilimia 2.5 ya uzito wake kwa nyasi kavu, yaani kilo 6 na robo. Gawanya 30,000 kwa 6.25 unapata siku 4,800 za ng'ombe mmoja. Kiangazi chenu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja ni siku kama 180. Gawanya tena, unapata ng'ombe 26.

Alafu waambie mfugaji huyu ana ng'ombe 40 na ameomba mkopo wa kununua kumi wengine. Nyamaza kidogo waache wapige hesabu wenyewe. Kwa ng'ombe 40 zile nyasi zinaisha baada ya siku 120, yaani mwisho wa mwezi wa tisa, na bado siku 60 mbele. Ng'ombe 40 kwa siku 60 wanahitaji kilo 15,000 ambazo hazipo, na ukitaka kuziba kwa hei ni marobota kama 1,000 ya kilo 15 kila moja, bila kuhesabu kusafirisha. Kwa hiyo huyu mtu ana njia tatu za kweli, auze 14 mwezi wa sita wakiwa wanono na hela anayo mkononi, au atafute malisho mengine kwa makubaliano ya kueleweka, au awe na hei aliyokata yeye mwenyewe mwezi wa nne na wa tano. Ule mkopo wa kuongeza kumi haumo kwenye hizo njia. Lakini mkopo wa kujenga banda la hei na kununua mashine ya kufungia marobota, au wa kuchimba lambo kwenye kona ya malisho ambayo haitumiki kwa sababu haina maji, huo unaweza kuwa mkopo mzuri sana. Umeona mazungumzo yanavyobadilika? Afisa mikopo ameacha kuuliza una ng'ombe wangapi, anauliza mwezi wa kumi watakula nini.

Waambie pia wazi kwamba hiyo hesabu ni makadirio, mwaka wa mvua nyingi fremu inatoa mara mbili na mwaka wa ukame inatoa kidogo sana, kwa hiyo inapimwa kila mwaka mvua inapokata na idadi ya kuuza inaamuliwa hapo hapo. Wakiifanya mara moja wakaiweka kwenye faili imeshapoteza maana.

Kuhusu mgawanyo wa malisho, kanuni ni rahisi, siku za kupumzika gawanya kwa siku za kukaa alafu ongeza moja. Mapumziko siku 30 na kukaa siku 3 unapata vipande 11. Wenzako wakisikia 11 watasema unaona, fensi hiyo nani atanunua. Vipande vinaweza kuwa mto, njia, mti mkubwa, mawe yaliyopakwa chokaa, mpaka wa shamba la fulani. Mchungaji anayejua wiki hii tunakula kuanzia mbuyu mpaka korongo ndiye fensi yetu, na yupo tayari, analipwa tayari. Nyaya za umeme wa sola zina mahali pake, kwa mfano kwa mfugaji wa maziwa aliyepanda majani ya Rhodes au brakiaria nyanda za juu, eka zake chache, ng'ombe anahamishwa kila siku au hata mara mbili kwa siku, hapo fensi inalipa haraka. Ukileta fensi hiyo hiyo kwenye malisho ya kijiji ya hekta elfu kadhaa unatafuta ugomvi na tembo na majirani pia.

Na msiwe watumwa wa kalenda. Siku 30 za mapumziko ni za wakati nyasi inaota. Mvua ikishakata hata ukipumzisha siku 90 hakuna kinachoota, kiangazi mzunguko unakuwa ni namna ya kugawa posho tu, sehemu hii ya Julai sehemu hii ya Agosti, na ya mwisho iachwe kwa ajili ya mvua kuchelewa, maana mvua ya kwanza ikinyesha kila mtu anafurahi na kuwaachia ng'ombe kwenye machipukizi ya siku tano, na hapo ndo malisho yanaumia kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Kuna jambo linahitaji ukweli mtupu, usije ukawauzia watu wa benki miujiza. Watasoma wenyewe kwenye mitandao, watakutana na Allan Savory, yule mwanaikolojia wa Zimbabwe anayesema mifugo mingi ikikusanywa na kuhamishwa kwa mpangilio inaweza kurudisha majangwa kuwa kijani. Wapo wafugaji wanaomuunga mkono kwa moyo wote. Lakini mwaka 2008 David Briske na wanasayansi wenzake wa nyanda za malisho walikusanya majaribio mengi wakakuta kwamba, idadi ya mifugo ikiwa ile ile, mzunguko peke yake kwa sehemu kubwa haukuzidi uchungaji wa mfululizo kwa nyasi wala kwa uzito wa mifugo. Wengine wakajibu kwamba majaribio yale yalifuata ratiba ngumu na hayakuwa na mtu anayeangalia na kubadilisha kama mfugaji halisi anavyofanya. Mimi msimamo wangu ni huu: kwenye nyanda kavu faida kubwa inatoka kwenye kulinganisha idadi ya mifugo na nyasi, kupumzisha wakati nyasi inaota, na kuwa na mtu anayeangalia na kuamua mapema. Kwenye maeneo ya mvua nzuri na majani ya kupandwa mzunguko wenyewe unaongeza sana, kwa sababu huko nyasi inarudi haraka. Ukiwaambia hivyo watakuamini na kwenye mambo mengine. Ukiwaambia malisho ya mzunguko yanaongeza mifugo mara mbili watakukopesha kwa hesabu hiyo, na mfugaji ndiye atakayelipa.

Vivyo hivyo minyoo na kupe. Mayai ya minyoo yanayotoka na kinyesi wakati wa joto na unyevu yanachukua kama wiki hivi kuwa viluwiluwi vya kuambukiza, kwa hiyo kuhamisha ndani ya siku tatu nne kunasaidia kiasi, lakini kupe anakaa miezi mingi anasubiri, mapumziko ya siku 30 hayamsumbui. Josho liendelee.

Kwa watu wa ugani kuna vipimo viwili ambavyo nataka wavizoee mpaka viwe kama kushika kalamu. Cha kwanza hatua 100: unatembea mstari mmoja malishoni, kila hatua unaangalia ncha ya kiatu imeangukia nini, nyasi ya kudumu, nyasi ya mwaka mmoja, gugu, masalia au udongo mtupu, unaandika. Zikitoka 45 za udongo mtupu huhitaji mtaalamu kutoka Dodoma kukwambia kuna shida. Hapo hapo waangalie magugu, Kongwa wanalijua gugu lao lililoshika ranchi, Arusha wana gugu karoti, Baringo kule Kenya wana mti wa mathenge, na vitu hivi udongo ukiwa wazi vinapata nafasi ya kukaa. Cha pili ni hali ya mwili wa ng'ombe, alama 1 (amekonda kabisa) mpaka 5 (amenona sana), kwa kuangalia mbavu, nyonga na shina la mkia. Pamoja na picha, simu kila mtu anayo, mnapiga picha kutoka kwenye mti ule ule kila mwezi wa tano na kila mwezi wa kumi. Faili lenye picha za miaka mitatu kutoka mahali pamoja lina nguvu kuliko maneno yangu yote haya.

Tukirudi kwa maafisa mikopo, jambo la kwanza la kubadilisha ni ratiba ya marejesho. Mfugaji wa nyama analipwa mara moja au mbili kwa mwaka, sasa ukimwekea rejesho la kila mwezi umemlazimisha kuuza mmoja mmoja na wengi atawauza kiangazi. Ng'ombe aliyekuwa kilo 280 mwezi wa sita akiuzwa mwezi wa kumi na moja ana kilo 220, kilo 60 zimeyeyuka, chukua bei ya kilo kwenye mnada wenu uzidishe mbele yao. Rejesho lake kubwa liwekwe mwezi wa sita au wa saba mifugo ikiwa minono. Mfugaji wa maziwa yeye ni tofauti, yeye anaweza kulipa kila mwezi, na mahali palipo na ushirika kama vyama vya Tanga vilivyo chini ya TDCU, chama kikuu cha ushirika wa maziwa, makato yanaweza kupitia kituo cha maziwa, mkopeshaji analala usingizi.

La pili, wafundishwe kusoma kupungua kwa mifugo. Mfugaji anayeanza utaratibu huu mwaka wa kwanza anauza, kundi lake linashuka kutoka 40 mpaka 26, na kwenye macho ya benki huyu anafilisika. Siyo. Waambie waangalie vitu vingine, ndama wangapi wamezaliwa kwa kila majike 10, wamekufa wangapi kiangazi, ng'ombe ameuzwa na kilo ngapi, na mwezi wa kumi alinunua chakula cha dharura kiasi gani. Hivyo ndo vinaonyesha kama malisho yanasimamiwa. Daftari la mfugaji lenye hayo manne pamoja na tarehe za kuhama liombwe kwenye maombi ya mkopo kama linavyoombwa kitambulisho. Wakilidai wao, mfugaji ataandika, mimi na wewe tumelidai miaka mingi bila mafanikio.

Dhamana sasa, maana najua hawatokuacha mpaka uwajibu. Malisho ya kijiji si mali ya mtu mmoja, yasiguswe kama dhamana, na hilo waambie bila kupepesa. Kinachoweza kuangaliwa ni uhakika wa kutumia. Hapo Kiteto mna mfano ambao watu wanatoka mbali kuja kuuona, OLENGAPA, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipanga matumizi ya ardhi kwa pamoja wakatenga malisho ya pamoja na kikundi cha wafugaji kikapata hatimiliki ya kimila. Mfugaji aliye ndani ya mpango kama huo ana hatari ndogo kuliko mwenzake ambaye malisho yake mwakani yanaweza kuwa shamba la mahindi la mtu, na afisa mikopo anatakiwa kulipatia hilo thamani kwenye alama anazompa mwombaji mkopo hata kama hawezi kulipiga mnada. Sheria ipo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya 2010, chukua vifungu viwili vitatu wavisome pale pale. Dhamana yenyewe inaweza kuwa kikundi, inaweza kuwa mkataba na mnunuzi, na benki zinaweza kuulizia mfuko wa dhamana wa wakulima wadogo ulioko TADB, Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, ambao unabeba sehemu ya hasara. Wenzetu Kenya tangu sheria yao ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, ng'ombe anaweza kusajiliwa kama dhamana, lakini ng'ombe dhamana kwenye malisho yaliyokwisha atakufa na dhamana itakufa naye. Ukame wa Kenya wa 2020 mpaka mwanzoni mwa 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2. Hakuna rejista ya dhamana inayozuia hilo.

Bima iguse kidogo. Mwaka 2010 ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na washirika wake walianza kule Marsabit bima ya mifugo inayofuata kipimo cha ukijani wa malisho kutoka satelaiti, na baadaye ikarekebishwa isisubiri ng'ombe afe ndo ilipe, ukijani ukishuka chini ya kiwango walichokubaliana inalipa ili mfugaji anunue chakula au maji mapema. Waelewe kwamba inalipia ukame wa eneo zima, hailipii ugonjwa wala wizi, na inaweza isilipe hata kama kwa mtu mmoja mmoja nyasi zimeisha, kwa hiyo ni nyongeza juu ya mpango wa malisho, haiwezi kuziba pengo la mtu asiye na mpango.

Siku ya tatu wape kazi. Tafuta mafaili matatu ya mikopo ya kweli, yafute majina na kila kitu cha kumtambulisha mtu, moja lililolipwa vizuri, moja lililosumbua, moja jipya la kuamuliwa. Wapange wawili wawili, mmoja wa ugani mmoja wa mikopo, wakiwa na hesabu ya nyasi mliyoipiga jana yake, waamue kama wanakopesha, kiasi gani, cha kununua nini na marejesho mwezi gani. Alafu kila jozi isimame mbele ya wale wazee na wafugaji ieleze uamuzi wake, wazee wawaulize maswali. Usiogope kama kutakuwa na kelele. Hapo ndo afisa mikopo anajua kwamba mtu anayemjibu ameshaona ukame mara nyingi kuliko umri wake, na mzee anajua benki nayo ina hesabu zake zinazoibana.

Bajeti usiimalizie kwenye hizo siku tatu. Bakiza hela ya kurudi na jozi zile zile mwezi wa kumi, siku moja tu, mpite tena mahali pale pale mlipokata nyasi na kwa mfugaji yule mliyemfanyia hesabu, muone zimebaki ngapi na ng'ombe wako alama ngapi. Ukilazimika kuchagua kati ya siku ya tatu ya hoteli na hiyo siku ya mwezi wa kumi, chukua ya mwezi wa kumi.

Na muda wa kuanza, kama una uwezo wa kuchagua, weka mafunzo ndani ya wiki mbili za mwisho wa mwezi wa tano, nyasi iko juu, fremu inapima kitu cha kweli, na bado mfugaji ana muda wa kuuza kabla bei haijashuka. Wakikulazimisha mwezi wa tisa kwa sababu ya mwaka wa fedha, fanya tu, ila hesabu ya fremu igeuze, pimeni zilizobaki mgawanye kwa ng'ombe waliopo muone zinafika tarehe ngapi, alafu muandike hiyo tarehe ubaoni. Fremu usiagize mjini, fundi wa madirisha yeyote hapo Kibaya anaichomelea asubuhi moja, mwambie tu pembe ziwe mraba na upimaji uwe wa ndani ya nondo, si wa nje.